Mlangilangi, karafuu na mkono wenye joto: jinsi ya kutuliza siku zako kwa harufu

Bibi yangu alikuwa na chupa moja ya mafuta ya nazi ambayo haikuwa ya nywele wala ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na maua ya mlangilangi yaliyokwisha kugeuka rangi ya kahawia, na karafuu chache zilizozama chini. Nilipovunja ungo na kuanza kujikunja kwa maumivu kila mwezi, aliniita chumbani kwake, akanilaza mkekani, akaipasha ile chupa kwenye bakuli la maji ya moto, kisha akanikanda chini ya kitovu mpaka nikasinzia. Hakuniambia kwamba ni dawa ya chango. Aliniambia yatanisaidia kuyavumilia maumivu.

Tangu hapo nimejaribu mengi, nimesoma niliyoweza kusoma, na bado naona bibi alishika jambo ambalo wauzaji wa chupa ndogo za bei kubwa hawalisemi: harufu peke yake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mkono, joto, na kuanza mapema kabla maumivu hayajakita. Nitaeleza yote kwa utaratibu, kuanzia kalenda mpaka siku ya kwenda hospitali.

Kwanza, kinachouma ni nini

Siku za hedhi zikikaribia, ukuta wa ndani wa kizazi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoubana msuli wa kizazi ili damu itoke. Zikiwa nyingi, msuli hubana kupita kiasi, damu inayoulisha hupungua, na ndipo unaposikia tumbo linakatika, kiuno kinavuta na mapaja yanalegea. Wengine huharisha au kutapika siku hiyo hiyo, kwa kuwa kemikali hizo huchokoza na utumbo pia.

Dalili za kabla ya hedhi zina chanzo kingine. Zinatokana na homoni zinazopanda na kushuka baada ya yai kutoka: hasira za ghafla, machozi ya karibu, matiti kuuma, tumbo kujaa, usingizi kupotea. Huanza wiki moja au mbili kabla ya damu, na huondoka siku chache baada ya damu kuanza. Nimezitenganisha kwa sababu tiba zake hazifanani: kwa hali za kabla, harufu na usingizi hufanya kazi zaidi, kwa maumivu, ni kukanda na joto.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini waliwachukua wanafunzi 67 wa chuo wenye maumivu ya hedhi. Kundi moja lilikandwa tumbo kwa mafuta ya lozi yaliyotiwa mafuta ya mimea ya kunukia: lavenda, klari-seji na waridi, la pili kwa mafuta ya lozi matupu, na la tatu halikukandwa. Waliokandwa kwa mafuta yenye harufu walipata nafuu zaidi. Mwaka 2012 Taiwan, wanawake 48 wakajipaka krimu kila siku tangu hedhi moja ilipokwisha hadi nyingine ilipoanza, nusu wakitumia mafuta ya mimea na nusu manukato ya viwandani. Kwa wale wa mafuta ya mimea muda wa maumivu ulishuka kutoka siku 2.4 hadi 1.8. Hizi ni tafiti ndogo, tena ni vigumu kumficha mtu harufu anayoinusa mwenyewe, kwa hiyo usizichukue kama hukumu ya mwisho. Lakini zinatosha kunifanya nisiione chupa ya bibi kuwa ni mapenzi matupu.

Hatua ya kwanza: jua tarehe zako

Chukua daftari au kalenda ya ukutani. Siku damu inapoanza kutoka ndiyo siku ya kwanza. Hesabu mpaka siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Hapo umepata urefu wa mzunguko wako. Wengi wapo kati ya siku 21 na 35, si lazima iwe 28. Andika miezi mitatu mfululizo, na kila siku weka neno moja au mawili: "kichwa", "hasira", "sikulala", "tumbo 7 kwa 10".

Najua hatua hii inachosha na wengi wataipita. Tafadhali usiipite. Ukisubiri mpaka umejikunja ndipo utafute mafuta, prostaglandini zimeshatoka na utajikanda kwa hasira. Ukijua kwamba siku yako ni Alhamisi ijayo, unaanza leo.

Hatua ya pili: chagua harufu mbili, zisizidi tatu

Ninaposema mafuta makali nina maana ya yale yanayokenekwa, yaani kutolewa kwa mvuke, kutoka kwenye maua, majani au vikonyo vya mmea, na huuzwa kwenye vichupa vya kioo cheusi. Si marashi ya dukani, si attari ya kujipaka harusini, na si mafuta ya nazi yaliyotiwa harufu ya kiwandani. Kwenye lebo tafuta jina la kisayansi la mmea. Lisipokuwepo, iache chupa hiyo. Ukiweza, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe: mengi yaliyo safi hukauka bila kuacha doa kubwa la mafuta, na yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa lisilotoka.

Lavenda (Lavandula angustifolia) ndiyo iliyojaribiwa zaidi, na ngozi nyingi huipokea vizuri. Klari-seji (Salvia sclarea) huambatana nayo kwenye tafiti nyingi za hedhi. Zote mbili hutoka mbali na bei yake ni ya mbali vilevile.

Kwetu pwani na visiwani tuna vyetu. Mlangilangi (Cananga odorata) ninaupenda kuliko yote. Komoro ni miongoni mwa nchi zinazokeneka mafuta yake kwa wingi duniani, na hapa kwetu ni ua la kichwani na la kikuba, yaani kishada cha maua ya kunukia cha kubandika kwenye nguo. Harufu yake hutuliza moyo, ila ukizidisha inakugeukia: kichwa kinauma na kichefuchefu kinakuja. Karafuu (Syzygium aromaticum) ina eujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino bovu. Kule Wawi, Pemba, kipo kiwanda kinachokeneka makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Mafuta haya ni makali mno, na nitayasemea tena hapo chini. Asumini ni ya usiku na ya mto wa kulalia. Mchaichai nauweka kwa miguu na kwa kikombe, kwa kuwa mafuta yake yaliyokenekwa huunguza ngozi za watu wengi.

Sheria moja ya kuchagua: nusa kwanza, na ipendwe na pua yako. Wiki ya kabla ya hedhi baadhi yetu pua huwa kali, na harufu tuliyoipenda mwezi uliopita hututia kichefuchefu. Ikiwa hivyo, iache, hata kama imesifiwa na nani.

Hatua ya tatu: pima, usimimine

Hapa ndipo watu huumia. Mafuta makali hayapakwi matupu kwenye ngozi. Yanachanganywa na mafuta ya kawaida: nazi, ufuta, alizeti au lozi. Nazi huganda baridi ikiingia, kwa hiyo ukiwa Arusha au Nairobi mwezi wa Julai tumia ufuta au alizeti.

Vijiko viwili vya chakula ni kama mililita 30. Kwa kiasi hicho cha mafuta ya kawaida, matone yote ya mafuta makali yasizidi 12. Hiyo ni kama asilimia 2, na kwa ngozi laini au kwa binti mdogo, gawa nusu.

Mchanganyiko wa kwanza: lavenda matone 6, klari-seji 4, mlangilangi 2.

Mchanganyiko wa pili, wa kipwani: mlangilangi matone 4 na karafuu matone 2. Karafuu yasizidi matone 3 kwa vijiko hivyo viwili, hata kama unaona hayanukii vya kutosha. Nimeona ngozi ya tumbo ikiwa nyekundu na malengelenge kwa sababu mtu alifikiri kikali zaidi ndicho kinachotibu zaidi. Mafuta ya gome la mdalasini usiyaweke kabisa kwenye ngozi.

Huna chupa za kununua? Fanya kama bibi. Chuma maua ya mlangilangi yaliyoiva rangi ya njano, alfajiri, harufu ikiwa bado haijaruka. Yatandaze kivulini juu ya kitambaa kwa siku moja mpaka yanyauke, kwa maana maji yakibaki mafuta yataota ukungu. Yatie kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha karafuu kavu, mimina mafuta ya nazi kama robo lita mpaka yafunike kila kitu. Kalisha chupa kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyochemka kwa nusu saa, kisha iache siku tatu. Chuja kwa kitambaa safi, weka maua mapya, rudia mara mbili. Mafuta haya ni mapole kuliko ya kukenekwa, huna haja ya kuhesabu matone, ila nayo yajaribu kwanza kwenye ngozi. Yaweke mahali pa giza na uyamalize ndani ya miezi mitatu. Yakichacha utayajua kwa pua, yamwage.

Hatua ya nne: jaribu kwenye mkono

Paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usioshe kwa saa 24. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, mchanganyiko huo si wako. Osha kwanza kwa mafuta ya kupikia, halafu kwa sabuni. Maji matupu huyasambaza tu.

Hatua ya tano: wiki moja kabla

Wiki hii kazi ni kulala na kushusha moyo. Jioni, dondosha tone moja au mawili ya lavenda kwenye leso na uiweke karibu na mto, si juu ya uso. Ukiwa na asumini, nyunyiza maua machache kitandani kama wanavyofanyiwa maharusi. Hakuna aliyesema ni ya maharusi peke yao. Mchana bandika kikuba chako cha asumini, mrehani na mlangilangi chini ya buibui au kwenye blauzi. Kila hasira inapopanda, inamisha kichwa, nusa polepole, toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza. Dakika tano hivi. Pumzi ndefu nayo ni sehemu ya tiba, na huenda ndiyo kubwa.

Jioni tatu au nne za wiki hiyo, loweka miguu. Chukua fungu la majani ya mchaichai, yakunje, yachemshe kwenye sufuria dakika kumi, mimina kwenye beseni na upunguze kwa maji ya baridi mpaka mguu uvumilie. Keti dakika kumi na tano. Haigharimu chochote ukiwa na shina uani, na kwa wanaovimba miguu na kusikia uzito hii ni raha ya kweli.

Na kuanzia siku tatu kabla ya tarehe yako, anza kukanda tumbo mara moja kwa siku, hata kama haliumi.

Hatua ya sita: kukanda

Kojoa kwanza. Tandika kanga ya zamani, maana mafuta ya nazi huacha doa. Lala chali, weka mto chini ya magoti ili tumbo lilegee. Pasha mafuta kwa kukalisha chupa kwenye maji ya moto, si motoni, na yajaribu kifundoni mwa mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Kijiko kimoja cha chai kinatosha.

Sugua viganja mpaka vipate joto, vilete usoni, vuta harufu mara tatu. Halafu weka kiganja kizima, si ncha za vidole, chini ya kitovu. Kitulize hapo bila kusogea kwa pumzi kadhaa. Mara nyingi msuli huanza kulegea hapo hapo. Kisha zungusha taratibu kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, mizunguko midogo inayokua, kutoka kitovuni mpaka karibu na mfupa wa kinena. Usikandamize kama unakanda unga. Nguvu iwe ile ya kusogeza ngozi na nyama yake, basi. Baada ya dakika tano hamia pembeni: kutoka mfupa wa nyonga kushuka kuelekea katikati, upande huu na ule. Jumla dakika kumi hadi kumi na tano.

Kiuno kinahitaji mtu wa pili. Kalia kiti umekigeukia, egemea mgongo wa kiti, na mama, dada au mume apake mafuta pale chini ya mgongo, kwenye mfupa bapa juu ya makalio, akandamize kwa viganja na kuachia, kukandamiza na kuachia. Ukiwa peke yako, lala juu ya mpira wa tenisi uliofungwa kwenye soksi.

Mwisho, joto. Mpira wa maji ya moto ni mzuri. Usipokuwa nao, chupa ya plastiki nene yenye maji ya vuguvugu kali iliyofungwa kanga mbili itafaa. Futa mafuta yaliyozidi kwanza, kwani ngozi yenye karafuu ikikutana na joto kali inawaka. Weka dakika ishirini. Usilidharau joto hata kidogo: mwaka 2001 nchini Marekani utafiti ulilinganisha kiraka cha joto cha kuvaa tumboni na ibuprofeni, na kiraka kilituliza maumivu sawa na vidonge.

Fanya hivi asubuhi na usiku siku mbili za mwanzo. Na kama unatumia ibuprofeni, endelea. Imeze mara maumivu yanapoanza, baada ya kula, bila kuzidisha kipimo. Dawa hiyo hupunguza prostaglandini zenyewe, jambo ambalo harufu hailifanyi. Hazigombani. Ila mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo amuulize kwanza mfamasia au daktari.

Binti aliye bweni hawezi kujilaza na beseni. Mfungie leso yenye tone moja la lavenda kwenye kifuko cha plastiki, mpe kichupa cha mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, na zungumza na matroni aruhusiwe maji ya moto siku hizo.

Madogo madogo: kichwa kikiuma, tone moja la mafuta ya peremende ndani ya kijiko cha chai cha nazi, paka kwenye panja, mbali na macho. Kichefuchefu, kata tangawizi mbichi unuse, au unywe chai yake. Tumbo limejaa, chai ya mchaichai.

Usifanye haya

Usinywe mafuta makali, hata tone kwenye chai. Mafuta ya karafuu yakinywewa huharibu ini, na mtoto mdogo anaweza kuzidiwa kwa kijiko kimoja tu cha chai. Chupa ikae juu, kwenye kabati la kufungwa. Chai ya karafuu za jikoni ni jambo jingine, haina ubaya.

Usiyaingize ukeni, wala usiyatie kwenye pedi. Usijifukize sehemu za siri juu ya chungu kinachotoka mvuke. Ngozi ile huungua upesi, na mvuke haufiki kwenye kizazi. Udi na ubani kwenye chetezo ni uzuri wa nyumba, lakini moshi ni moshi: mwenye pumu au kifua asijifungie nao chumbani.

Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza kabla ya kushika klari-seji. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwa daktari. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda usipake kisha ukatoka juani, yataacha mabaka. Na kwa wanaotumia kondomu: mafuta ya nazi huulegeza mpira wake, kwa hiyo yaoshe mwilini kwa sabuni kabla.

Wakati wa kuiacha chupa na kwenda hospitali

Harufu ni ya maumivu ya kawaida. Nenda ukapimwe ikiwa unalowesha pedi kila saa kwa saa mbili au zaidi, unatoa madonge yenye upana wa zaidi ya sentimita 2.5, damu inapita siku 7, maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, yapo hata nje ya hedhi, au unaumia unapojamiiana na unapokwenda haja kubwa. Homa na uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya ni vya leo, si vya kesho. Vilevile kama kila mwezi kabla ya damu unazama kwenye huzuni mpaka unatamani kujidhuru, mwambie mtu leo na umuone daktari; ni hali inayotibika.

Nyuma ya maumivu makali huweza kuwepo uvimbe kwenye kizazi, maambukizi, au endometriosisi, ambapo nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana endometriosisi, na wengi hukaa miaka bila kujulikana. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa, kwenye zahanati moja, kwamba nikiolewa na kuzaa yataisha. Nililia njia nzima. Ukijibiwa hivyo, nenda kwa mwingine.

Nenda na lile daftari la hatua ya kwanza: tarehe, idadi ya pedi kwa siku, namba ya maumivu, siku ulizokosa shule au kazi, na dawa ulizomeza. Chukua na chupa ya mafuta unayotumia, mwonyeshe lebo yake.